Kigoda Kinachofuata Kivuli

Mama alipepetea ndengu chini ya mwembe, hapa kwetu Kiritiri, na kigoda chake kilifuata kivuli. Asubuhi alikaa upande wa magharibi. Jua likifika utosini, alijibana kwenye shina. Alasiri alihamia upande wa pili, karibu na zizi la mbuzi. Sikumsikia hata siku moja akilalamika kwamba kivuli kimemtoroka. Alinyanyua ungo, akavuta kigoda kwa mguu, akaendelea.

Alifariki Januari, ndengu zikiwa zimevunwa lakini hazijapurwa. Siku za kwanza sikuweza kusali. Swali moja lilinikaa kooni: ikiwa Mungu ni kimbilio letu, mbona kifo kilimfuata Mama humo humo?

Mazishini ilisomwa Zaburi ya 46, inayomwita Mungu kimbilio. Martin Luther alipoitungia wimbo huko Ujerumani, katika karne ya 16, alimfananisha Mungu na ngome. Ngome ina kuta, nami nilichokuwa nikidai ni ukuta. Lakini mwaka 1542 Luther huyo huyo alimzika binti yake Magdalena, aliyekuwa na miaka 13. Zaburi yenyewe haifichi kitu: milima inatikisika, maji yanavuma, na ni katikati ya vurugu hiyo ndipo Mungu anapotajwa. Kiswahili nacho kimesema kweli kwa neno lake, kimbilio. Ndani yake mna mbio. Asiyefikwa na jambo akimbilie nini?

Nilikokimbilia hakukuwa mbali. Kila jioni akina mama wa kanisa walifika na mitungi ya maji ya lita 20. Bwawa la Kiambere la huku kwetu limezalisha umeme tangu 1988, lakini katika nyumba nyingi za huku maji bado huletwa na punda. Anayekupa mtungi amekupa safari nzima. Hawakunifafanulia mapenzi ya Mungu. Mmoja wao, wa rika la Mama, alinitazama tu akauliza, "Mwanangu, umekula?"

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Akawasha moto, akasonga ugali, akakaa mpaka nikamaliza. Kisha akasali kwa Kimbeere, sala fupi, akimtaja Mama kwa jina mbele za Mungu, kama mtu anayemwachia jirani mtoto anapoenda sokoni. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. "Amina" yangu ilitoka imelowa.

Swali langu bado ninalo. Siku hizi nalipeleka kwake Mungu mwenyewe, badala ya kulizungusha peke yangu usiku.

Juzi nilizipura ndengu za Mama, nikaketi kuzipepeta. Saa sita jua likanichoma shingoni. Nilikuwa nimesahau kuhama. Nikanyanyua ungo, nikavuta kigoda kwa mguu.