Ukuta Usio na Urembo

Nyumba ya mwanasesere yenye paa bapa, kuta nyeupe na madirisha mapana huonekana kazi nyepesi kwa mtu anayeanza. Haina vigae vya kupanga kimoja kimoja wala nguzo za kuchonga. Lakini urembo una kazi nyingine zaidi ya kupendeza: hufunika. Mbao mbili zikikutana vibaya, fundi hubandika mkanda wa nakshi na pengo likapotea. Nyumba ya kisasa haina mkanda huo. Kila kiungo kiko wazi, na ukuta mtupu ndio mgumu kuliko yote.

Nimelielewa hilo nikimwundia mpwa wangu nyumba ya aina hiyo kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam. Kipimo ni cha moja kwa kumi na mbili, kilekile alichotumia msanifu Edwin Lutyens kwa nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924. Kwa kipimo hicho dari ya mita 3 inakuwa sentimita 25. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka uigeuze: pengo la milimita 1 pembeni mwa chumba, kwa mwanasesere anayeishi humo, ni ufa wa sentimita 1.2. Kwa ufa kama huo, mwenye nyumba angemwita fundi arudi.

Kukata na kuunganisha huenda haraka. Unapanga kuta bila gundi kwanza, unazikagua kwa skwea, unapaka gundi ya mbao, unabana, unaacha ikauke. Nyumba inasimama, na kila anayepita anasema imekwisha. Hapo ndipo penye hatari, naamini. Mapagale mengi tunayopita njiani yalikwama kwa kukosa fedha, na wenye nayo sina neno nao. Ila moyo nao una mapagale yake: kazi tulizoziacha pale zilipoanza kuonekana kama zimekwisha.

Umaliziaji una namna yake ya kumchosha mtu. Kingo za plaiwudi hunywa rangi kuliko uso wake, kwa hiyo huzibwa kwanza kwa puti na kupigwa msasa. Halafu praima, msasa laini, rangi nyepesi, msasa tena, rangi tena. Ukipaka nzito ili uwahi, inatiririka na kuacha michirizi. Na kazi yote hii ikifanywa vizuri haionekani. Macho ya mgeni yataenda kwenye kitanda na taa. Hakuna atakayesifu ukuta kwa kuwa laini. Mwaka 1935 Moray Thomas aliunda huko Uingereza Whiteladies House, nyumba ya mwanasesere ya kisasa kabisa kwa wakati wake, nyeupe, yenye paa bapa na bwawa la kuogelea, ambayo sasa ni mali ya makumbusho ya V&A, London. Siku hizi nikiitazama picha yake, bwawa nalipita. Naangalia pembe za kuta.

Mama yangu mzazi aliendesha nyumba yenye watoto wengi, na utulivu wake tuliuchukulia kuwa ndivyo nyumba zilivyo. Leo najua ilikuwa kazi, iliyorudiwa kila siku bila shahidi, na natamani ningemshukuru kwa hiyo hasa, si kwa chakula na ada peke yake.

Kuna pia suala la mpangilio. Nyaya za taa hulazwa kwenye mfereji mdogo kabla sakafu haijabandikwa. Ukishafunika, kuzirudia ni kubomoa. Mazungumzo mengine ya familia yako hivyo: nani atamtunza mzee, kiwanja ni cha nani. Wakati wake ni ule ambao sote tunaona bado ni mapema mno.

Mpwa wangu ameshawahamishia wanasesere wake ndani, na sasa anataka ghorofa. "Mama mdogo, ngazi zitapita wapi?" ameuliza, na hilo ni swali la mjenzi wa kweli. Tumekubaliana tuanze na ngazi kabla ya kukata ukuta wowote: kipandio cha sentimita 18, kwa kipimo chetu, ni milimita 15, na vyote lazima vilingane.