Barua kutoka Ughaibuni: Nimekuta Bungoma Darasani

Khocha, mjomba wangu mpendwa,

 

Umeniuliza kwa nini nasomea udongo na bado nimejiongezea uchumi, na kama binti yako naye afanye hivyo akifika chuo. Huku Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza huwa na somo kuu, na akitaka huongeza la pembeni, liitwalo “minor”. La uchumi kwa kawaida ni kozi tano au sita hivi, nalo huandikwa tu kwenye hati ya matokeo. Si shahada ya pili.

Sababu yangu ni hii: muhula uliopita, katika darasa la uchumi, tulisoma utafiti wa wanauchumi Burke, Bergquist na Miguel, uliochapishwa 2019. Kufungua, nakuta Bungoma! Walishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanzia huko kwenu 2006, wakiuliza kwa nini mkulima auze mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha miezi ya njaa ayanunue kwa kopo la gorogoro bei ikiwa juu. Wewe jibu unalo: Januari karo inadaiwa. Hesabu mkulima anaijua. Pesa nyingine ya kulipia ndiyo hana, basi gunia la kilo 90 linatoka.

Wakulima waliopewa mkopo katika utafiti huo wakati wa mavuno waliyaweka mahindi, wakauza baadaye, wakapata faida. Lililonikosesha usingizi ni hili: mkopo ulipowafikia wakulima wengi wa eneo moja, bei ya soko lenyewe ilibadilika. Wakati wa mavuno haikuanguka sana, baadaye haikupaa sana. Faida ya mkopaji ikapungua, lakini hata jirani asiyekopa akaguswa na bei iliyotulia. Darasa la udongo hunifundisha kuongeza magunia kwa ekari; haya halinifundishi. Nami nikirudi nyumbani Trans Nzoia kuwashauri wakulima, nataka niweze kuzungumzia asidi ya shamba na bei ya mahindi ya Juni kwa pamoja.

Kwa hiyo binti yako asiache kilimo akakimbilia uchumi. Aongeze. Hesabu aikazanie tangu sasa, maana takwimu ndiyo inayowasumbua wengi.

Na mkienda soko la Chwele huko kwenu, aandike bei ya gorogoro ya mahindi kwenye daftari, kila mara, anitumie. Nina mradi wa kozi ya mwisho, na bei za Chwele lazima ziwemo.

Mpwa wako