Niliuita Ukoo

Kwa miaka 11 niliyofundisha hesabu shule ya msingi, niliamini mtu huzaliwa na akili zake. Ushahidi nilikuwa nao: nilifundisha ndugu kwa ndugu. Kaka alishindwa kugawanya; miaka minne baadaye akaja mdogo wake, naye vilevile. "Ukoo ule hauna vichwa," tuliambiana ofisini, nami nikamkalisha yule mdogo dawati la nyuma kabisa, asiwacheleweshe wenzake.

Siku moja alikuwa amesimama ubaoni, amenipa mgongo, chaki mkononi. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa sauti, darasa zima likageuka, yeye bado anaikodolea macho hesabu. Nilipomgusa bega alishtuka. Hapo ndipo nilipoona sikio lake la kushoto limeganda usaha.

Zahanati walisema masikio yote mawili yametoboka kiwambo, na si ugonjwa wa jana. Mama yake hakushangaa. "Hata kaka yake masikio yalikuwa yanamtoka usaha hivyohivyo, mwalimu." Nilipokwenda kwao nikakuta watoto wanalala chumba kimoja na mafiga. Moshi wa kuni ulinitoa machozi, nao ni moshi unaohusishwa na maradhi ya masikio kwa watoto.

Wale ndugu walikuwa damu moja, ndiyo, lakini walivuta pia moshi mmoja. Mimi vyote viwili niliviita ukoo. Urithi upo, siukatai. Lakini kule Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini mwaka 1984, wakapima wengine wa rika hilohilo mwaka 1998, na alama za majaribio ya akili zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haigeuki kwa miaka 14. Watafiti walitaja chakula, afya, na wazazi waliopata kusoma.

Mtoto alitibiwa, nikamhamishia dawati la mbele, nikajizoeza kutozungumza huku nimeelekea ubaoni. Mtihani wa muhula uliofuata alipata 31 kati ya 50. Kabla ya hapo alikuwa akipata 9.

Kaka yake hakufika sekondari. Anaendesha bodaboda pale stendi, na kila akiniona huniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Siku niliyomwomba radhi nilikuwa nimepanda nyuma yake, tuko njiani. Hakusikia. Tulipofika nikashuka, nikasimama mbele yake, nikaanza upya.