Tulipanda Kahuzi, tukashuka wote

Siku ya posho tulitoka Bukavu mapema, wamama tisa, tukaingia Parke ya Kahuzi-Biega kwa mlango wa Tshivanga. Mlima Kahuzi tunauona tangu utoto, lakini tulizoea kusema: kuupanda ni mambo ya wageni.

Urefu wake ni metre 3.308. Walinzi walitangulia, tukapita katika mianzi, matope yakivuta viatu. Juu zaidi tulikuta ukungu, mvua na baridi. Hapo mwenzetu mmoja akaanza kutetemeka. Akasema: «Niacheni hapa, nitawangoja.» Kilele kilikuwa karibu. Tukatazamana. Lakini mtu aliyeshikwa na baridi haachwi mlimani. Tulimvua koti lililolowa, tukamfunga kikwembe kikavu, tukampa chai yenye sukari, tukashuka wote.

Wengine walinuna mpaka Bukavu. Nyumbani watoto waliuliza: «Mlifika juu?» Tukawajibu: hapana, na sababu ni hii. Walisikiliza kuliko darasani.

Nanyi mkienda, fungeni nguo kavu ndani ya sashe, na mtembee kwa mwendo wa aliyechoka. Kahuzi hauhami.