Sahani za Ibra

Oman si nchi ya msafiri mwenye mfuko mwembamba. Riali moja inapita shilingi 6,000 zetu, na chumba cha kawaida kabisa nilichopata Muscat, chenye kitanda na kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha, kilinitoka riali 15. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga. Kwa hesabu hiyo akiba yangu ya likizo ingeishia palepale mtaa wa Ruwi. Mutrah nilitembea kwa miguu, na Nizwa nikaiona ngome ya Imamu Sultan bin Saif na mfereji wa Daris, vyote vya kupendeza, lakini sivyo vilivyonikalisha kuandika.

Kilichonikalisha ni simu. Jirani yangu wa Tanga, mama mtu mzima ambaye nusu ya ukoo wake uko ng'ambo, alisikia ninalipia chumba akahamaki. Jioni ileile nikapigiwa na sauti ya kizee, Kiswahili cha Unguja kitupu: "Hoteli ya nini na sisi tupo? Kesho panda basi uje Ibra."

Ibra iko Sharqiyah, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Muscat. Kwetu sisi wa pwani ni mji wenye habari zetu. Huko ndiko zilikotoka familia nyingi zilizovuka bahari kwenda Unguja, Pemba na hadi bara. Pesa za karafuu, pembe za ndovu na, tusifichane, za watumwa, zilirudi kujenga majumba ya Al Mansfah ambayo leo kuta zake za udongo zinamomonyoka. Nilifika nikidhani nitapewa godoro sebuleni. Nikapewa chumba cha kijana wa nyumba, yeye akahamishiwa kwa nduguye.

Basi ukarimu ukaanza, na naomba nieleweke: sijapata kukirimiwa vile popote. Asubuhi chai ya maziwa yenye hiliki na vibibi vya moto. Kabla ya adhuhuri tende na kahawa, kikombe kisicho na mkono, kinajazwa mpaka ukitikise kuonyesha umetosheka. Mchana wali, jioni boko boko au mkate wa kumimina, na katikati yake halwa inayong'aa kwa samli. Bibi mwenye nyumba alikaa pembeni yangu akihesabu matonge. Nikisimama, mjukuu anasimama. Nikivaa viatu, funguo za gari zinalia. Jumatano tulikwenda soko la wanawake, soko la Ibra ambalo wauzaji na wanunuzi wake ni wanawake watupu, nami nikajifunza nisiguse kitu. Nilishika kitambaa kimoja cha rangi ya ndimu, nikatia mkono kwenye mkoba, Bibi akaudaka mkono wangu mbele ya muuzaji na kuubana hadi mkazamwana wake alipomaliza kulipa.

Nyumbani tumelelewa kwamba mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mimi jembe nililitaka. Mtu anayelala bure, anayekula bure, ambaye hata nauli ya kwenda sokoni hairuhusiwi kumtoka, huanza kujiona mzigo, na mkazamwana yule alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwa ajili yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyezungumza habari ya macho yake. Wasafiri wengi tunaosaka malazi ya bure tunahesabu riali tulizookoa, na hatumhesabu mwanamke aliye jikoni.

Kwa hiyo siku moja, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imejilaza, niliingia jikoni, nikafunga kanga kiunoni nikaanza kuosha vyombo. Sufuria ya wali ilikuwa imegandiwa na ukoko, nikawa naikwangua huku povu limenifika viwiko. Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia mama mmoja mnene mwenye baibui zuri, mkononi ana bakuli lililofunikwa. Aliniangalia mara moja tu. Akasema kwa Kiswahili, kwa utulivu, wala si kwa ubaya:

"Mwambie bibi yako nimefika. Na uniletee maji baridi."

Nilikausha mikono nikaenda kwenye friji. Nilikuwa nikimimina yale maji mkazamwana alipotokea. Alichosema nitakikumbuka: "Astaghfirullah! Huyu si mtumishi! Huyu mgeni wetu, mwalimu, kasoma chuo kikuu!" Yule mama akashika kifua. Akanishika mkono wangu uliolowa, akaniomba radhi, akaniomba tena, akaniita mwanangu. Bibi naye akaja, akaona sufuria, akaona kanga kiunoni mwangu, akanifukuza jikoni kama paka aliyeiba samaki.

Niliwajibu wote kwamba hakuna neno. Lakini neno lilikuwapo, na lilinikaa kooni mchana kutwa. Yule mama kunidhania mtumishi hakukunikera hata chembe. Wasichana wangapi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wako kwenye masinki ya Ghuba leo? Mimi mwenyewe nimefundisha waliokwenda kwa mkataba wa miaka miwili, na yuko mmoja anayesomesha wadogo zake kwa mikono hiyohiyo. Kilichonikera ni kule kuombwa radhi. Angekuwa ni huyo mwanafunzi wangu pale kwenye sufuria, nani angemwomba radhi? Na kwa nini chuo kikuu kiitwe kuja kunitetea, kana kwamba nimetukanwa?

Baada ya isha Bibi aliniita chumbani kwake. Alikuwa amenyoosha miguu mkekani, anajichua magoti kwa mafuta.

"Umekasirika," akasema.

"Sikukasirika, Bibi."

"Umekasirika. Wali wa usiku umeuchezea tu."

Nikamwambia. Nilijaribu kulivika adabu, lakini nilimwambia: kwamba nilichodhaniwa si tusi, ni kazi, na kwamba kuosha sahani nilizolia hakunishushi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole gumba kikizunguka palepale kwenye goti.

"Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964," akasema. "Mimi mtoto, na mama yangu. Tukakaa Mombasa. Sultani Qaboos aliposhika nchi, 1970, akaita watu wake warudi, tukarudi. Kurudi! Mimi huku sikuwahi kukuona. Kiarabu changu kilikuwa cha sala. Tukapokewa na ami yake baba, watu wazuri, Mungu awarehemu, wakatupa chumba. Hakuna aliyenambia nioshe vyombo, mwanangu. Lakini hakuna aliyenambia niache."

Nikanyamaza.

"Miaka mitatu. Nikiosha nikijiona nalipa chumba. Wageni wakija wakinambia lete maji, nikaleta. Hapakuwa na mtu wa kusema huyu ni damu yetu. Leo mgeni wangu akitia mkono kwenye maji ya vyombo, mimi hurudi kule kule."

"Na mtumishi je, Bibi?"

Alifunika kichupa cha mafuta. "Wanangu wanataka kuniletea mmoja kila mwaka. Nimekataa. Sijui ningemtazama vipi."

Hakusema zaidi, nami sikumsukuma. Hasira yangu juu yake ilikwisha palepale mkekani. Lakini juu ya lile jambo lenyewe haikwisha, na sitaki iishe. Kukataa kuajiri kunaupumzisha moyo wa Bibi, ila mzigo anaubeba mkazamwana. Hilo nililiona kila asubuhi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani naanika nguo zangu, kazi pekee niliyoachiwa. Upande wa pili wa ukuta mfupi palikuwa na binti anakung'uta zulia. Tukasalimiana, lafudhi ikamtambulisha mara moja kuwa ni wa kwetu bara.

"Dada, wewe umeletwa na wakala gani?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni mgeni, nimekuja kutembea. Aliniangalia kwa muda, akacheka kwa furaha ya kweli, akasema, "Kutembea! Haya, Mungu akuzidishie." Akaniuliza bei ya unga nyumbani, akaniuliza kama mvua zimenyesha. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, ninaondoka lini na kama begi langu lina nafasi. Mama yake yuko mkoani, kuna mtu angeupokea mzigo Dar es Salaam.

Mzigo ulikuja usiku wa kuamkia safari, mfuko uliozungushiwa gundi ya karatasi mara nyingi: nguo za watoto, sabuni, chupa ya manukato imevingirishwa ndani ya soksi. Bibi alinikuta nikiushindilia ndani ya begi juu ya halwa na kahawa alizonifungashia yeye. Akauliza wa nani. Nikamwambia. Alisimama akishika kiuno, akatoka, akarudi na kopo la tende la kilo nzima.

"Tia na hili. Mwambie mama yake linatoka kwa jirani."

"Bibi, begi limejaa."

"Toa nguo zako, basi. Utakuja kuzichukua."

Nilitoa gauni moja na viatu. Hata hivyo pale uwanja wa ndege wa Muscat mizani ilipanda kupita kiasi, na kijana wa kaunta akanipa njia mbili, kupunguza au kulipia. Aliutazama ule mfuko wa gundi akanishauri niuache, kwa kuwa tozo ingezidi thamani ya nguo zenyewe. Ilikuwa kubwa kuliko malipo ya usiku mmoja wa kile chumba cha Ruwi. Nikafungua mkoba nikamhesabia riali zangu mwenyewe juu ya kaunta, wala hapakuwa na mtu wa kunishika mkono.