Kidole Gumba Kabla ya Piki

Miaka ya tisini mtaani Landless, Thika, gitaa lilikuwa ama la kanisani ama la baa. La kanisani lilichapwa kodi tatu kwa piki ya plastiki. La baa lilicharazwa benga mpaka usiku wa manane. Mwalimu wetu wa kwaya hakuutambua mpaka huo. Alikuwa amesomea gitaa la klasiki Nairobi, katika Kenya Conservatoire of Music, chuo kilichoanzishwa 1944, naye alitufundisha jioni nyuma ya kanisa, mguu wa kushoto ukikanyaga tofali.

Piki alizipiga marufuku. Kidole gumba kilimiliki nyuzi tatu nene. Cha shahada, cha kati na cha pete viligawana nyembamba. Tulipewa mazoezi 120 ya mkono wa kulia ya Mauro Giuliani, yaliyochapishwa 1812. Kodi ni mbili tu, C na G7, toka la kwanza hadi la mwisho. Kinachobadilika ni zamu za vidole. Nyuzi zetu zilikuwa za chuma, kwa hiyo kucha zilikatika ovyo.

“Mwalimu, sisi twataka kupiga kama DK,” nyota wa benga, tulilalamika. Akatuwekea kaseti ya mpiga gitaa George Mukabi, kisha ya Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Tukasikia besi ikitembea peke yake chini, wimbo ukiimba juu, na mpigaji ni mmoja. Mukabi alitumia vidole viwili tu, gumba na shahada! Tangu siku hiyo hakuna aliyenung'unikia Giuliani.

Mkono ule ulitufaa kila mahali. Kwenye rumba, vidole vilipokezana bila kukwama. Muziki wa mugithi, wa mtu mmoja na gitaa lake, ulipoenea baa za Thika, mwenzetu mmoja aliingia kazini bila mpiga besi, maana besi aliibeba kwa gumba. Kwa benga ya kasi kwenye gitaa la umeme, hata hivyo, piki inashinda, nami niliirudia bila kinyongo.

Ewe mzazi mwenye kijana anayelilia gitaa, mnunulie, ila mwaka wa kwanza mnyime piki. Vidole vikishajua kazi yao, mitindo mingine atajichagulia mwenyewe.