Safari ya Alama za Vidole

Treni ya asubuhi iliondoka Miritini tukiwa watatu: sisi wazazi wawili na binti yetu, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Edmonton, jimbo la Alberta, nchini Kanada. Kwapani mwa baba yake mlikuwa na bahasha ya kaki ambayo tangu tulipotoka Mji wa Kale hakukubali mtu mwingine aibebe. Ndani yake mlikuwamo barua ya chuo, barua ya uthibitisho ya jimbo ambayo Kanada ilianza kuidai mwaka 2024 ili kupunguza idadi ya wanafunzi wageni, na karatasi moja iliyokuwa ndiyo sababu ya safari yenyewe: wito wa kutoa alama za vidole na kupigwa picha ndani ya siku 30. Maombi ya kibali cha masomo yalikuwa yamekwisha kutumwa kwa intaneti kutoka sebuleni kwetu, na ada ya dola 150 za Kanada, pamoja na 85 za alama za vidole, ilikuwa imekwisha kulipwa. Lakini vidole havitumwi kwa intaneti. Huvipeleka mwenyewe, kilomita karibu 480 hadi Nairobi.

Ilikuwa Shaabani, mapema mwaka 2025. Baada ya Mariakani minazi ilituaga, na nchi ikawa ya vichaka na udongo mwekundu. Karibu na Voi watoto wa behewa zima walikimbilia madirishani kuwaangalia ndovu wa Tsavo, ambao huoga vumbi la huko hata wakawa na rangi ya matofali. Binti yetu hakuinua macho. Alikuwa akikagua jina lake.

Wazazi wengi wa pwani wataielewa hofu hiyo. Mtoto huitwa kwa jina moja nyumbani, akaandikwa kwa tahajia nyingine katika cheti cha kuzaliwa, na mwalimu naye akaliandika alivyolisikia. Fatma akawa Fatuma, Mwanaisha akawa Mwanaesha, na jina la babu likaingia au likaachwa kwa kadiri ya nafasi iliyokuwapo kwenye fomu. Kwetu ilikuwa herufi moja tu. Herufi hiyo ilitupeleka kwa wakili kuandikisha hati ya kiapo kwamba mwenye cheti cha shule na mwenye pasipoti ni mtu mmoja, kwa sababu afisa aliye ng'ambo hamjui bibi yake wala hawezi kuwauliza majirani. Tunawasihi akina mama wenye watoto wa shule za msingi watazame vyeti sasa, kabla ya mtihani wa kwanza wa taifa.

Jambo lililotuumiza kichwa zaidi lilikuwa fedha. Kwa wakati ule Kanada ilimtaka mwanafunzi aliye peke yake aonyeshe dola 20,635 za matumizi ya mwaka wa kwanza, mbali na karo na nauli, na tangu Septemba 1, 2025 kiwango hicho kimepanda hadi 22,895. Njia moja ya kuonyesha ni taarifa ya benki ya miezi minne. Nasi, kama jamaa nyingi za huku, hatukuweka akiba yetu benki. Ilikuwa katika bidhaa za duka, katika kiwanja kidogo cha Kisauni, na katika dhahabu.

Alitujia mtu, tena mtu wa heshima machoni pa watu, akasema atatia fedha katika akaunti yetu kwa muda, tupate taarifa nzuri, kisha azitoe na sisi tumpe chake. Tulikesha usiku mmoja tukiliwaza neno hilo. Hatukuhitaji kwenda mbali kupata jibu: kumwonyesha mtu mali isiyo yako ukasema ni yako ni uongo, hata kama anayeonyeshwa yuko Kanada. Na sheria ya huko nayo haina mzaha. Anayepatikana na udanganyifu katika maombi hufungiwa mlango kwa miaka mitano. Miaka mitano katika umri wa binti wa miaka kumi na tisa ni ujana wote.

Njia nyingine ni kununua cheti cha amana katika benki ya Kanada, ambayo humrudishia mwanafunzi fedha zake kidogo kidogo akishafika. Wengi huichagua kwa kuwa maafisa huikubali bila maswali mengi. Lakini kwa kawaida amana hiyo huzaa riba, nasi tulipomweleza sheikh wetu alituuliza kama kuna njia isiyo na riba. Ilikuwapo: taarifa ya benki, stakabadhi ya karo iliyolipwa kabla, na barua ya mfadhili. Tukafungua akaunti katika benki inayofuata sharia, ambazo zimekuwa zikifanya kazi nchini tangu mwaka 2008, tukauza kiwanja, na ami yake aliyeko Muscat akaandika barua ya kumdhamini na kuiambatisha na hati za mshahara wake. Palipobaki pengo, bibi yake alifungua sanduku akatoa bangili sita. Zilikuwa zimewekwa kwa siku ya harusi ya mjukuu huyo huyo. Alisema, "Bangili ni zake. Kama atazivaa mkononi au atazivaa kichwani, mimi sina ugomvi." Mama alilia, na bibi akakasirika kwa kuliliwa.

Tulishuka Syokimau alasiri. Kesho yake tulifika kwenye kituo cha kupokea alama za vidole saa nzima kabla ya miadi. Hapo lilitokea la kuchekesha, ingawa wakati ule hatukucheka. Wiki iliyotangulia palikuwa na arusi kwetu, na shangazi zake walikuwa wamempaka hina mpaka ncha za vidole, iliyoiva vizuri ajabu. Mashine ilikataa kusoma vidole viwili. Mhudumu, kijana mpole, alimpa kitambaa chenye maji, akampangusa-pangusisha, akajaribu tena na tena hadi mashine ikaridhika. Enyi shangazi, mwenye miadi ya viza mpakeni miguu! Kuhusu picha hatukupata taabu. Stara ya kichwa yenye sababu ya dini huruhusiwa, mradi uso wote uonekane toka paji hadi kidevu na ushungi usiutie kivuli.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama wasafiri, katika Msikiti wa Jamia, chini ya zile kuba zake tatu. Mji mzima unapiga kelele nje, na ndani unasikia maji ya udhu. Kisha tukaenda kwa daktari, kwani mwanafunzi kutoka Kenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Kanada yenyewe, pamoja na kupigwa eksirei ya kifua. Binti yetu aliomba ahudumiwe na mwanamke. Aliombewa radhi, akaambiwa angoje kidogo, akapatiwa. Tunalitaja kwa sababu wasichana wengi huona haya kuomba.

Majibu yalitujia katika Mfungo Mosi, vyombo vya Idi havijarudishwa kabatini. Yalikuwa ya kukataliwa. Sababu iliandikwa kwa mistari michache: afisa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka Kanada muda wake wa kukaa utakapokwisha. Bibi alitaka atafsiriwe mara mbili. "Wanadhani mtoto huyu hana kwao?" aliuliza. Hatukuwa na la kumjibu. Bangili zilikuwa zimekwisha kuwa karo.

Siku kadhaa hapakuwa na mazungumzo nyumbani. Kisha binti yetu akaisoma upya barua yake ya kueleza nia, akatuletea akasema, "Mama, hata mimi ningemkataa huyu." Tuliisoma naye. Barua ile ilikuwa imeandikwa na wakala tuliyemlipa. Ilisifu Kanada kurasa mbili, theluji yake na maktaba zake, na Mombasa ilitajwa mara moja tu, kwenye anwani. Afisa hakuwa amekosea sana. Hatukumwambia neno lolote kuhusu kwetu.

Aliandika mwenyewe, kwa maneno yake. Alieleza kuhusu wanawake wa mtaani kwetu wanaochelewa kwenda hospitali kujifungua kwa kuona haya ya kuhudumiwa na wanaume, na kwamba ndiyo sababu ya yeye kuchagua uuguzi. Alieleza anatarajia kurudi kufanya kazi gani, na ni nani wanaomngoja. Tuliambatisha hati za nyumba ya familia na karatasi za duka, na maelezo ya kila shilingi ilitoka wapi, hata bangili. Ada ya dola 150 ililipwa upya, lakini hatukupanda treni: alama za vidole zikishachukuliwa hutumika kwa miaka kumi.

Wakati wa kungoja, bibi aliuliza maswali yake mwenyewe. Je, kuna msikiti? Upo, msikiti wa kwanza kujengwa Kanada, Al Rashid, ulifunguliwa Edmonton mwaka 1938. Baridi je? Hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na katika Desemba mchana hauzidi saa nane, hata Adhuhuri na Alasiri hukaribia kugusana. Bibi alinyamaza kidogo, akasema saumu ya majira hayo basi ni rahisi. Suala la msichana kusafiri peke yake tulilipeleka kwa sheikh, akatueleza tofauti za wanazuoni. Tukatulia pale ami yake alipoahidi kumsindikiza hadi mlangoni mwa bweni la wasichana.

Idhini ilikuja katika Mfungo Tano. Hapo tulijifunza jambo ambalo hatukuwa tumelifahamu muda wote huo: alichorudishiwa nyumbani ni viza katika pasipoti na barua ya utambulisho. Kibali chenyewe cha masomo huchapishwa na afisa wa mpakani, katika uwanja wa kwanza wa ndege anakotua. Tulikuwa tumeuza kiwanja na bangili kwa ajili ya karatasi ambayo ilikuwa bado haijaandikwa.

Usiku aliotua hakuna aliyelala. Tulikuwa tumemuusia asiondoke dirishani kabla hajasoma tarehe ya mwisho, jina la chuo, na masharti ya kazi, maana kosa hurekebishwa kwa urahisi zaidi afisa akiwa bado mbele yako. Karibu na Alfajiri simu ililia, ikaingia picha ya karatasi hiyo, imepinda kidogo, mkono wake umeishika na hina imekwisha kufifia. Baba yake alivaa miwani, akaisogeza simu kwenye taa, akaanza kulisoma jina kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, huku bibi akihesabu kwa tasbihi.